Ghalib na Dawa ya Kunyamazisha

Ghalib, mwana wa ami yetu, alirudi Kismayo kutoka Ulaya akiwa na koti jeupe, kompyuta ya kupakata na miwani isiyo na nguvu yoyote. Miwani hiyo niliijaribu mwenyewe siku moja alipoisahau mezani, nikaiona dunia ileile. Miaka ile kila mwenye akili alikuwa akitafuta njia ya kukimbilia huko alikotoka yeye. Yeye akaja kinyume. Hilo peke yake lingetosha kututia shaka, lakini watu wetu wakishaona koti jeupe hawaulizi.

Mimi naitwa Kulthumu. Mimi na mdogo wangu Mwanapili tulizaliwa kisiwa cha Koyama. Vita vilipoanza tulikimbilia Mombasa tukakaa kambini. Kambi ilipofungwa tukarudishwa kisiwani, tukawakuta wenye bunduki wamelala kwenye vitanda vyetu na wanavua kwa nyavu zetu, na sisi tulitakiwa tuwashukuru kwa kutuachia vichwa vya samaki. Tukahamia Kismayo mjini. Mimi nilikuwa mjane, nikaishi kwa Mwanapili na mumewe, Badi, mtu wa kisiwa cha Chovae, fundi wa mashua. Mikono ya Badi ilikuwa na akili kuliko kichwa chake, na hili nalisema nikimpenda shemeji yangu.

Siku moja Mwanapili aliniita chooni alikokuwa akioga.

"Dada, hebu shika hapa."

Nikashika. Chini ya ziwa lake la kushoto palikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya kunazi. Nilikisukuma, hakikusogea.

"Kinauma?"

"Hata. Ndiyo maana naogopa. Cha mama pia hakikumuuma."

Mama yetu alikufa na ugonjwa huohuo, kisiwani, akifungwa majani na kusomewa, mpaka ziwa likapasuka na nyumba nzima ikawa haikaliki kwa harufu. Tulikuwa wasichana. Hatukuwa tumesahau.

Tukaenda hospitali ya mjini. Kulikuwa na daktari mmoja, mtu aliyechoka, amezungukwa na vijana wenye risasi miilini. Hakutuficha. "Hili lataka kukatwa na kupimwa," alisema. "Mimi hapa sina vifaa wala dawa. Mpelekeni Mombasa, na msingoje."

Badi aliposikia neno kukatwa alikaa kitako kama aliyepigwa.

"Wamkate mke wangu? Anirudie nusu?"

"Mama yetu alikwenda kaburini mzima mzima," nikamwambia. "Ulitaka hivyo?"

Jioni ile alikwenda kwa Ghalib.

Ghalib alikuwa amekodi vyumba viwili karibu na soko, akatia pazia katikati na mkeka wa wanawake upande mmoja. Alimkaribisha Badi kwa chai ya maziwa na maneno. Kesho yake Badi alitupeleka sote, uso umemchangamka kama mtu aliyeahidiwa meli.

"Ndugu zangu," alisema Ghalib, "huko Ulaya hawakati tena. Kukata ni mambo ya kale, ni mambo ya wachinjaji. Siku hizi tunanyamazisha jeni."

"Mnanyamazisha nini?" nikauliza.

"Jeni. Mama yenu, Mungu amrehemu, aliwarithisha jeni yenye kelele. Inapiga kelele ndani ya ziwa, nyama inasikia, inavimba. Mimi nina sindano inayoiambia hiyo jeni..." Akaweka kidole mdomoni. "Nyamaza!"

Badi akatikisa kichwa kwa furaha. Mwanapili alimtazama Ghalib kama mtu anayezama anavyoutazama ubao. Mimi nilitazama kile kidole. Kilikuwa na kucha ndefu iliyotunzwa, kucha ya mtu asiyewahi kuosha kidonda.

Sindano ya kwanza alidungwa palepale. Kila Jumatatu akawa anadungwa nyingine, na kila Jumatatu Ghalib alimbonyeza kidogo juu ya nguo, akafumba macho na kusema, "Imeanza kusikia." Mimi niliyekuwa namwogesha nilijua kuwa ile kokwa sasa ni limau.

Tulikuwa na mpwa huko Ulaya, Nuha, binti wa marehemu kaka yetu. Aliondoka kambini Kenya akiwa mdogo, akachukuliwa na shirika pamoja na mama yake, akasoma mpaka akaingia katika maabara ya hospitali moja kubwa. Tulikuwa tukizungumza naye kila Idi. Safari hii sikungoja Idi. Nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikampigia.

"Mwanangu, kuna kitu kinaitwa kunyamazisha jeni?"

"Shangazi, umelipata wapi neno hilo?"

"Lipo au halipo?"

"Lipo. Ndiyo kazi yangu."

Nilitaka aniambie ni uzushi, nimalize.

"Nieleze," nikasema, "kama unavyomweleza mtu asiyesoma, kwa sababu ndivyo nilivyo."

Akanieleza. Kila chembe ya mwili ina maagizo ndani yake, na hayo ndiyo jeni. Jeni ikitaka kazi ifanyike hutoa nakala ya agizo lake, na nakala ile hupelekwa nje ikatekelezwe. Ziko chembe ambazo jeni zake zimeharibika, zinatoa agizo lilelile bila kukoma: zaaneni, zaaneni. "Sisi tunatengeneza kipande kidogo mno kinachoshikana na ile nakala," alisema. "Inavunjwa njiani kabla haijafika. Jeni yenyewe ipo, lakini haisikiki tena."

"Na ugonjwa unakufa?"

"Kwenye kisahani cha maabara, chembe nyingi zinaacha kuzaana. Kwa panya, mara nyingine. Kwa mtu hatujajua kukifikisha. Ukikidunga mkononi, damu inakivunjavunja, figo zinakitoa na mkojo, kinachobaki kinamezwa na ini. Ziwani hakifiki. Tunatafuta chombo cha kukibeba, shangazi, na bado hatujakipata."

"Basi Ghalib anacho."

"Ghalib gani? Ghalib mwana wa ami yenu?" Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Huyo alikuwa mkalimani. Aliletwa siku moja hospitalini kwetu kuwatafsiria wagonjwa wa kwetu, Wabajuni. Mkuu wangu alikuwa akizungumza juu ya utafiti wetu, na Ghalib akakwama. Akanigeukia mimi, neno hili kwa Kiswahili tuliiteje? Nikamwambia, sema kunyamazisha. Neno hilo nilimpa mimi."

Maneno yalikuwa yamempita Ghalib mdomoni kama maji yanavyopita kwenye mfereji, naye akajidhania kisima.

"Mpeleke Mombasa, shangazi," Nuha alisema, na sasa alikuwa analia. "Akatwe. Mtu yeyote anayekwambia ana dawa hiyo Kismayo ni mwongo. Hata sisi tunaoitengeneza hatuna."

Jumatatu iliyofuata nilikwenda na simu ya mkononi ya kuazima. Mkekani walikuwa wamejaa wanawake: mmoja ana uvimbe shingoni, mmoja hajapata mtoto, mmoja mumewe hampendi, na wote walikuwa wamekuja kunyamazishiwa kitu. Nikampigia Nuha, nikaifungua sauti wasikie wote, akayarudia yote aliyoniambia. Ghalib alitoka nyuma ya pazia akasikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mwalimu anayesubiri mtoto amalize kukosea.

"Umemaliza?" aliiuliza simu. Kisha akawageukia wanawake. "Huyu ni mtoto wetu, simtukani. Kazi yake ni kuosha vichupa. Wakubwa wake hawamwambii kitu. Na mnajua kwa nini wanasema dawa haijawa tayari? Kwa sababu hawataki ifike kwa watu kama sisi. Mimi nimeitoa huko kwa kuhatarisha roho yangu, niwaletee ndugu zangu. Haya. Asiyetaka, mlango uko wazi."

Hakuna aliyeinuka. Mwenye uvimbe shingoni alinisonya. Na mdogo wangu, Mwanapili, mtoto niliyembeba mgongoni, alikunja mkono wa nguo yake akamnyooshea yule mtu mkono. Nilimdharau na yeye siku ile, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Halafu nikaona jinsi alivyogeuza uso asinitazame, nikafahamu kuwa alikuwa amenisikia mimi na kumsikia Nuha, na alikuwa amechagua uongo kwa sababu haukuwa na kisu.

Kilichotuokoa hakikuwa akili ya mtu yeyote. Wanamgambo walioushika mji wakati ule walipata habari kwamba mwanamume anafungia wanawake nyuma ya pazia. Dawa yake kama ni ya kweli au ya uongo hawakuuliza. Angeweza kuwadunga maji ya mtaroni, wasingejali. Kosa lake kwao lilikuwa pazia. Walivunja mlango siku ambayo sisi hatukuwepo, Ghalib wasimkute, wakapiga waliokuwemo kwa waya, wakatangaza kwa kipaza sauti sokoni kwamba kila mume aliyempeleka mkewe kwa yule mtu ajisalimishe kabla ya Ijumaa. Hao ndio waliokuwa wakituhukumu, watu waliouza milango ya nyumba zetu kisiwani.

Badi alirudi nyumbani amekuwa rangi ya majivu.

"Tunaondoka," alisema.

"Kwenda wapi?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Mombasa."

Kwa hiyo ilitakiwa atishwe kuchapwa yeye ndipo safari ipatikane. Nilifunga mzigo wangu bila kusema, kwa sababu ningefungua mdomo nisingeufunga.

Nahodha Fakihi, mtu wa kisiwa cha Ngumi, alikuwa na mashua ya injini. Asubuhi, mbele ya macho ya wenye bunduki, tulipanda kama watu wanaokwenda mazishini Koyama, tukilia. Kulia hakukuhitaji kufundishwa. Mashua ilikuwa imejaa. Mwishoni akapanda mwanamke mrefu aliyejifunika uso wote, akabanana pembeni karibu na injini na kuinamisha kichwa. Tulipopita Koyama bila kusimama na mawimbi yakaanza kuturusha, yule mwanamke aliinua kitambaa cha uso ili atapike, na chini yake kulikuwa na masharubu.

"Subhanallah!" akasema Fakihi. "Daktari?"

Alikuwa Ghalib. Baibui lilikuwa la mkewe wa Kismayo, ambaye alimwacha nyuma. Nilimuuliza mkewe yuko wapi, akasema atafuata. Alisema huku akijifuta matapishi kwa ncha ya mtandio.

Mwanapili alikuwa ameegemea mapaja yangu. Siku zile mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba. Akainuka taratibu, akakaa mkabala naye.

"Daktari, leo Jumatatu. Siku ya sindano yangu."

"Sanduku limebaki, Mwanapili. Unaona hali."

"Ndani yake mlikuwa na nini?"

"Dawa."

"Ghalib. Hapa ni baharini. Atakusikia nani?"

Alitazama mbele, akatazama nyuma, akatazama maji. Nadhani hakuwa na nguvu ya kutapika na kudanganya kwa wakati mmoja.

"Maji ya chumvi," alisema. "Na vitamini. Lakini vitamini nzuri, wallahi, ya Ulaya."

Badi akaruka juu ya mizigo, akamkamata Ghalib shingoni na kumwegemeza kwenye ubao wa mashua mpaka kichwa kikawa juu ya maji. Fakihi akapiga kelele kwamba chombo kitalala. Badi hakusikia. Nilikuwa sijapata kumwona na hasira ya namna ile, na sikuwa na hamu ya kumzuia.

"Mwache," alisema Mwanapili.

"Nimwache?"

"Usimtupe humo. Bahari hii ina samaki tunaowala." Akaokota kopo lililokuwa likielea miguuni mwetu. "Mpe hili. Afue maji, ayatoe mashuani."

Ghalib akafua maji. Alifua akiwa amevaa baibui, amepiga magoti, tangu hapo mpaka Kiunga, upande wa Kenya, na kila alipopunguza mwendo Mwanapili alimwita, "Daktari!" naye akaongeza. Tulipoteremka huko alikuwa na malengelenge viganjani. Alipotea miongoni mwa watu hata kabla hatujamaliza kushusha mizigo, na hakumuaga mtu.

Mombasa tulifikia kwa jamaa. Katika hospitali kubwa, daktari mwanamke alimpima Mwanapili, akauliza alikuwa wapi miezi yote hii. Mwanapili akasema, "Nilikuwa kwa mjinga, na mimi nikiwa mjinga wake." Walimpa kwanza dawa za mishipani zilizomtoa nywele zote, kisha wakalikata ziwa pamoja na tezi za kwapani. Nuha alikuwa akizungumza na yule daktari kwa simu, wakielewana kwa lugha yao, na mara hii nilifurahi kuona wasomi wakizungumza nisiwaelewe.

Badi hakuingia wodini. Alikaa nje kwenye benchi. Alikuwa akileta uji, anaupitisha mlangoni na kuondoka. Hata tuliporudi nyumbani alikuwa akilala barazani. Mpaka siku nilipougua malaria nikashindwa kuinuka, na kidonda kikataka kusafishwa. Nilimsikia kutoka chumbani kwangu: maji yanamiminwa, kisha Mwanapili anasema, "Punguza mkono, mimi si ubao." Kisha nikasikia Badi analia, kilio kibaya cha mtu asiyezoea. Baada ya hapo hakunipa mimi kazi ile tena. Kitambaa alikifunga vizuri kuliko mimi, bila kuacha mkunjo. Nimeshasema mikono yake ina akili.

Miaka miwili ikapita. Mwanapili akaota nywele, za kijivu. Kisha jirani akatuambia kuna daktari mpya mtaa wa Majengo, ghorofani, anatibu wakimbizi wetu, hakati mtu. Anaitwa Daktari Ghalib.

Mwanapili alivaa baibui lake jipya. "Nisindikize," alimwambia Badi. Mimi sikungoja kuambiwa.

Badi alibaki chini mlangoni. Sisi tulipanda. Kulikuwa na pazia tena, mkeka tena, na ukutani picha kubwa ya ngazi iliyosokotwa ambayo naamini hata yeye hakuijua ni nini. Wanawake walikuwa wamekaa, wote ni watu wetu, wa visiwani na wa pwani ya Kismayo. Mwanapili alisimama katikati yao, akatoa salamu, akajitaja jina na jina la baba yake na kisiwa chake. Kisha akafungua baibui na nguo ya ndani mpaka kiunoni.

Kulikuwa na ziwa moja. Upande wa pili palikuwa bapa, na kovu refu kutoka kifuani mpaka kwapani.

"Huyu alinidunga maji ya chumvi mpaka ugonjwa ukafika kwapani," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Ningekatwa mapema, kovu lingekuwa dogo kuliko hili. Tazameni vizuri, sina haya. Mwenye kitu cha kuona haya yuko nyuma ya pazia."

Pazia halikutikisika. Ghalib hakuweza kutoka, kwa sababu mwanamke alikuwa uchi chumbani, na pazia lake mwenyewe ndilo lililomfunga. Tulimsikia akikohoa. Mmoja akainuka, kisha wawili, kisha chumba kizima, wakigombania viatu. Walionitia hasira ni wale walioondoka huku wanasonya, wanasema mwanamke huyu hana adabu. Lakini waliondoka.

Alibaki msichana mmoja, mnyonge, mkono umekumbatia ziwa la kulia. Jina lake Zakia.

"Siwezi kuondoka," alisema. "Mume wangu yuko chini. Amesema nisirudi bila sindano. Hataki nikatwe."

Mwanapili akafunga nguo, akamshika mkono, tukateremka. Mumewe Zakia alikuwa kijana mwenye ndevu chache na kiburi kingi. Alianza kufoka kabla hatujafika ngazi ya mwisho: nani amemtoa, nani hawa, mke wake si wa kuchezewa na visu vya watu. Badi alikuwa amejiegemeza ukutani. Mtu huyu nilikaa naye nyumba moja miaka mingi na sikumbuki kumsikia akisema jambo la kuwekwa akilini. Akajitenga na ukuta.

"Huyu ni mke wangu," alimwambia yule kijana. "Amekatwa ziwa. Nilikataa kama unavyokataa wewe, na nikakaribia kumzika kwa kukataa kwangu. Kidonda chake nimekisafisha mwenyewe. Unaogopa nini? Ni ngozi tu."

Badi akamshika kijana bega, si kwa upole, wakatangulia mbele mpaka hospitali, na sisi wanawake nyuma yao.

Zakia alikatwa wiki ileile. Ghalib alihama Majengo. Nasikia yuko mji mwingine sasa, anatibu kisukari kwa kompyuta. Watu wanakwenda. Sina huruma nao wote, nina huruma na baadhi yao.

Idi iliyopita nilizungumza na Nuha. Nikamuuliza kile chombo cha kubebea dawa yao, kimepatikana? Akaniambia wamejaribu kimoja, kimefika kwenye ini badala ya ziwa, wanaanza upya. "Bado, shangazi," alisema. Alisema bila kuona aibu. Nikataka kumwombea dua, lakini Mwanapili alikuwa ameshaninyang'anya simu, anamuuliza ataolewa lini.